KURA BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Somo kwa vikundi vya wafanyakazi wa Gitega na Muyinga



Somo letu la mara hii linahusu uchaguzi. Hatuji kuwaambia mumchague nani. Chama cha wafanyakazi si tawi la chama cha siasa chochote, na katika kiwanda kimoja tunao wanachama wa kila upande, wanaokula pamoja saa sita na kudai mshahara pamoja mwisho wa mwezi. Tunalokuja kusema ni hili: magomvi mengi ya uchaguzi hayaamuliwi siku ya kura. Yanaamuliwa kabla, katika daftari la majina, katika tarehe iliyowekwa na sheria, na katika karatasi ambayo mtu hakuidai alipokuwa na haki ya kuidai.

Wenzetu wa vituo vya kuosha kahawa wanalijua jambo hili kuliko mawakili. Mkulima akileta kahawa yake mbivu, haondoki kwenye mzani mpaka ameona mshale umesimama wapi na amepewa karatasi yenye kilo zake. Hasubiri msimu uishe ndipo aseme, "Kilo zangu zilikuwa nyingi kuliko hizi." Akifanya hivyo ataulizwa neno moja tu: karatasi iko wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nayo ni mali ya mwenye kuipiga.

Tunalisoma somo hili mapema kwa makusudi. Muhula wa rais wa miaka 7 ulioanza Juni 2020 unafikia mwisho wake mwaka 2027. Mwenye kungoja wiki ya kura ndipo aulize sheria, amechelewa.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wako wanaosema, "Siasa ni ya wakubwa, sisi tuna jembe na mashine." Tutazame nyuma kidogo.

Mwisho wa mwaka 1960 ulifanyika uchaguzi wa tarafa chini ya utawala wa Wabelgiji. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa UPRONA, alikuwa amefungiwa nyumbani asiweze kuzunguka kwa watu. Chama chake kilishindwa. Umoja wa Mataifa uliona mambo hayako sawa, na uchaguzi wa wabunge uliopangwa Januari 1961 ukaahirishwa. Ulipofanyika tarehe 18 Septemba 1961, mbele ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa na Rwagasore akiwa huru, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Nchi ni ile ile na watu ni wale wale, na haukupita hata mwaka mmoja. Kilichobadilika ni namna uchaguzi ulivyosimamiwa. Hilo ndilo funzo la kwanza: msimamizi anaweza kuubadili uchaguzi bila kugusa hata kura moja.

Mwaka 1993 tulipata funzo la pili, nalo ni chungu. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa karibu theluthi mbili za kura, na aliyeshindwa akakubali. Daftari lilikuwa sawa, hesabu ilikuwa sawa. Lakini tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimwua rais aliyechaguliwa, na nchi ikaingia katika vita vilivyoua watu wapatao 300,000. Wengi wetu tulikuwa watoto. Kibimba na Bugendana, zote za Gitega, ni majina yasiyohitaji maelezo kwa mtu wa huku. Kwa hiyo hatusemi kwamba karatasi peke yake inatosha. Tunasema kwamba ugomvi wa uchaguzi usipomalizwa kwa karatasi na kwa hakimu, utamalizwa kwa njia nyingine, na njia hiyo hupitia kwanza mlangoni kwa mnyonge. Kiwanda hufungwa, shamba hulala, na mfanyakazi hukimbilia Tanzania kwa njia ya Kobero na mtoto mgongoni.

2. NANI ANASHIKA DAFTARI

Uchaguzi wetu husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, yaani CENI. Chini yake kuna tume ya mkoa, CEPI, na chini ya hiyo tume ya tarafa, CECI. Chini kabisa kuna kituo cha kupigia kura, chenye watu wake wachache, sanduku na taa ya kuhesabia usiku. Magomvi ya uchaguzi wa rais na wa wabunge humalizikia Mahakama ya Katiba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi bado hawajalizoea. Sheria ya Machi 2023 ilibadili ramani ya nchi. Mikoa 18 ikawa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Uchaguzi wa wabunge na wa tarafa wa tarehe 5 Juni 2025 ulifanyika kwa ramani hiyo mpya. Ndugu zetu wa Muyinga sasa wamo katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na makao makuu ya mkoa yako Cankuzo. Mkoa wa Gitega nao umechukua Karusi, Muramvya na Mwaro.

Msidhani ni mambo ya ramani tu. Mtu aliyezoea kupeleka shida yake kwa mguu hadi mjini Muyinga, huenda kesho akahitaji nauli na siku nzima ya kazi. Kwa hiyo kila kikundi kijue mapema: CECI yetu inakaa wapi? CEPI yetu inakaa wapi? Nani anapokea malalamiko, na anatoa karatasi ya kuonyesha kwamba ameyapokea?

3. MAGOMVI YA AINA TATU

Tukitazama miaka iliyopita, tunaona magomvi ya aina tatu. Yafaa kuyatenganisha, maana kila moja lina wakati wake na dawa yake.

Aina ya kwanza: ugomvi wa maneno ya sheria

Mfano ni mwaka 2015. Katiba ya mwaka 2005, kifungu cha 96, ilisema Rais huchaguliwa na wananchi wote kwa muhula wa miaka 5, unaoweza kurudiwa mara moja. Kifungu cha 302 kilisema kwamba, kwa namna ya pekee, rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na Bunge. Rais Pierre Nkurunziza alichaguliwa na Bunge Agosti 2005, kisha na wananchi mwaka 2010. Je, muhula ule wa Bunge unahesabiwa? Wengine walisema ndiyo, kwa hiyo mihula imetimia, na Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikataza mtu kupita mihula miwili. Wengine walisema hapana, wananchi wamemchagua mara moja tu.

Maandamano yalianza Bujumbura mwishoni mwa Aprili 2015. Tarehe 4 Mei Mahakama ya Katiba iliamua kwamba anaweza kugombea. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikuwa amekimbia nchi, akisema mahakimu walitishwa. Tarehe 13 Mei palitokea jaribio la kupindua serikali, likashindwa. Watu wengi sana walikimbia nchi. Uchaguzi wa rais ukafanyika tarehe 21 Julai. Kesi ilipelekwa pia Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 25 Novemba 2021 kitengo chake cha rufaa kiliamua kwamba kugombea kule kulivunja Mkataba wa Arusha. Lakini miaka 6 ilikuwa imepita, na mwenyewe Nkurunziza alikuwa amefariki Juni 2020.

Funzo ni hili. Neno lenye maana mbili katika sheria ni shimo barabarani, nalo huzibwa mchana, kabla gari halijafika. Katiba ya mwaka 2005 ilikuwa na shimo hilo kwa miaka 10 mizima, na wachache walilisemea mpaka lilipozama gari. Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 17 Mei 2018, na rais akaitia sahihi Juni mwaka huo huko Bugendana. Hiyo ndiyo iliyoleta muhula wa miaka 7. Ni wangapi kati yetu wameisoma?

Aina ya pili: ugomvi wa daftari na wa majina

Huu unahusu nani ameandikwa na nani anaruhusiwa kugombea. Mwisho wa mwaka 2014, wakati wa kuandikisha wapiga kura, vyama vya upinzani na watu wengine walilalamika kwamba kuna karangamuntu zilizotolewa ovyo, na watu kuandikwa kwa karatasi zisizo halali. Walilalamika mapema, wakaleta mifano. Machi 2015 CENI ililifungua tena daftari kwa siku chache ili waliokosa waandikwe na makosa yarekebishwe. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini walipata kitu. Tulishike hilo: malalamiko yaliyokuja kabla ya kura yalilifungua daftari.

Kuandikwa kuna upande wake wa pili. Mwaka 2018, kabla ya kura ya maoni, watetezi wa haki za binadamu waliripoti kwamba huku na huku raia walidaiwa waonyeshe karatasi ya kuandikishwa, ile tunayoiita resepise, ndipo wapate huduma. Karatasi hiyo ni haki yako, wala si kodi. Bwana kazi hana ruhusa ya kuishika, kuihifadhi au kuiandika namba yake kwa sababu ya zamu. Akikuomba, mlete mjumbe wa wafanyakazi.

Kwa upande wa wagombea, tuzijue hesabu. Orodha ya chama isiyofikisha asilimia 2 ya kura za nchi nzima haipati kiti katika Baraza la Taifa. Ndiyo maana mwaka 2025 CNDD-FDD, iliyotangazwa kupata zaidi ya asilimia 96, ilichukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura, na UPRONA, iliyoshika nafasi ya pili kwa asilimia 1 na kidogo, haikupata hata kimoja. Mtu asiyejua kanuni hiyo husema, "Viti vya chama changu vimeibwa." Huenda ana lake la kulalamikia, lakini halalamikii mahali penyewe. Kabla ya kudai, jua sheria inasemaje.

Aina ya tatu: ugomvi wa hesabu

Huu ndio wenye kelele nyingi na ushahidi mchache. Mwaka 2010 uchaguzi wa tarafa ulipangwa tarehe 21 Mei, ukasogezwa hadi tarehe 24 kwa sababu karatasi za kura hazikuwa tayari. Baada ya matokeo, vyama vingi vya upinzani vilidai hati za hesabu za vituo, vikasema havikupewa. Vikajitoa katika uchaguzi uliofuata. Tarehe 28 Juni 2010 wananchi walikuta mgombea mmoja tu wa urais.

Mwaka 2020 ni mfano wa karibu zaidi. Kura ilipigwa tarehe 20 Mei. Tarehe 25 Mei CENI ilitangaza kwamba Évariste Ndayishimiye amepata karibu asilimia 69, na Agathon Rwasa wa CNL asilimia 24. Rwasa alipeleka malalamiko Mahakama ya Katiba. Tarehe 4 Juni mahakama ilimkatalia, kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kuthibitisha matokeo. Hesabuni siku: toka tarehe 25 Mei hadi tarehe 4 Juni ni siku 10. Katika siku 10 mtu hawezi kuzunguka nchi nzima kutafuta karatasi. Ama unazo mkononi usiku wa kuhesabu, ama huna.

Na si kila asiyekuwa nazo alilala. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wametuma wachunguzi 2,716 katika tarafa zote. Tarehe 26 Mei 2020 walitoa tamko, na mwenyekiti wao wakati huo alikuwa Askofu wa Muyinga, Joachim Ntahondereye. Walisema wachunguzi wao waliona mahali pengine mawakala wa vyama wakitishwa na kufukuzwa vituoni, watu wakipiga kura kwa majina ya marehemu na ya wakimbizi, na kura zikijazwa katika masanduku. Mwishowe waliwaomba watu wenye malalamiko wafuate njia za sheria. Sisi si mahakama, wala hatusemi ni kura ngapi ziliharibiwa. Tunasema hivi: wakala akifukuzwa kituoni, kufukuzwa kwenyewe ni ushahidi, ikiwa kumeandikwa. Kituo gani, saa ngapi, nani alikuwepo, maneno gani yalisemwa. Mushingantahe hakati shauri kwa uvumi. Huuliza: uliona mwenyewe, au uliambiwa?

4. JIRANI ZETU WA KENYA

Tusidhani ni desturi ya Afrika kwamba mahakama haiwezi kumsikiliza aliyeshindwa. Kenya ilipiga kura tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa rais. Mahakimu 4 walikubali, 2 walikataa. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliyeko madarakani.

Waliwezaje? Kila kituo, navyo vilikuwa zaidi ya 40,000, kilitakiwa kujaza fomu moja ya matokeo, iitwayo 34A. Mahakama iliona kwamba rais alitangazwa wakati fomu hizo hazijafika zote, na kwamba tume ilikataa kufungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa. Kesi nzima ilisimama juu ya karatasi ya kituo.

Tena, sheria iliyowasaidia ilikuwa imedaiwa kabla. Juni 2017, chini ya miezi miwili kabla ya kura, Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika jimbo la uchaguzi ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayawezi kuyabadili. Walioleta kesi hiyo hawakungoja kuibiwa ndipo waulize mlango uko wapi. Wala tusipambe: uchaguzi uliporudiwa Oktoba 2017 upinzani ulisusa, na watu walikufa katika ghasia. Lakini njia ya mahakama ilionekana kwa macho.

5. MAMBO YA KUFANYA KUANZIA SASA

Kwanza, tazama jina lako. Daftari likiwekwa wazi, nenda mwenyewe. Angalia herufi za jina, mwaka wa kuzaliwa na kituo. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa dakika tano wakati wa kukagua, lakini siku ya kura halisahihishwi. Umefiwa na mzee nyumbani? Uliza jina lake liondolewe, mtu asije akalitumia.

Pili, fikiria msimu wa kahawa. Uchaguzi wetu umezoea kuangukia Mei na Juni: tarehe 3 Juni 2005, tarehe 24 Mei 2010, tarehe 20 Mei 2020, tarehe 5 Juni 2025. Hiyo ndiyo miezi ambayo vituo vya kuosha kahawa vinafanya kazi usiku na mchana, na wenzetu wa vibarua wako mbali na kilima walikoandikwa. Mtu hupiga kura pale alipoandikwa. Kwa hiyo wakati wa kuandikisha jiulize: Mei ijayo nitakuwa wapi? Maelfu hupoteza kura bila mwizi yeyote, kwa kutouliza swali hilo.

Tatu, mjadiliane zamu mapema. Vituo vyetu hufungwa saa kumi jioni. Wajumbe wa wafanyakazi wakae na wasimamizi mwezi mmoja kabla, wapange nani anatoka asubuhi na nani mchana, na mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo ya msimamizi huisha mashine inapoanza kunguruma.

Nne, mwenye kuwa wakala wa chama chake, kwa kadi halali, ajue kazi yake haiishi sanduku linapofungwa. Akae mpaka kura ya mwisho imehesabiwa. Hati ya matokeo ikisomwa, aandike namba katika daftari lake pia, na adai nakala. Akinyimwa, asipigane. Aandike kwamba amenyimwa.

Tano, malalamiko yawe ya maandishi, yenye tarehe, na yapelekwe kwa anayehusika ndani ya muda. Weka nakala. Aliyepokea atie sahihi. Ikiwa mnaogopa kwenda mmoja mmoja, nendeni watatu. Kuogopa si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako aende peke yake.

Sita, mwanachama asimwulize mwenzake amempigia nani. Mkianza hilo, bwana kazi hahitaji kuwagawanya, mmekwisha jigawanya.

6. WANAVYOULIZA WENGINE

Wako waliotuuliza katika mikutano ya matawi: "Mwaka 2020 watu walilalamika na hawakusikilizwa. Karatasi zina faida gani?" Ni swali la haki, wala hatulikimbii. Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba karatasi itamshindia. Lakini asiye na karatasi tumekwisha kujua mwisho wake, maana mahakama yenyewe imesema: hakuna ushahidi. Mwenye karatasi humlazimisha hakimu kuisoma, na ikisomwa inabaki. Uamuzi wa Arusha wa mwaka 2021 ulikuja umechelewa, lakini umeandikwa, na kesho wakili mwingine atauleta mezani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. CECI na CEPI zetu zinakaa wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani?
2. Katika kikundi chetu, ni wangapi watakuwa mbali na kituo chao wakati wa msimu wa kahawa?
3. Zamu ya siku ya kura mara iliyopita ilipangwa na nani? Tulikuwa na maandishi?
4. Tofautisheni: ugomvi wa sheria, ugomvi wa daftari, ugomvi wa hesabu. Toeni mfano mmoja wa kila aina, na mseme ulipaswa kuletwa lini.
5. Nani katika kikundi anaandika vizuri? Mpeni daftari leo.